Je, walimu wetu wa udaktari wanatuchukia?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, na huu ni mwezi wangu wa pili wodini. Wiki iliyopita kwenye raundi, daktari bingwa aliniuliza sababu za ini kuvimba. Nikataja mbili, nikakwama. Akaniambia mbele ya wenzangu, wauguzi na mgonjwa mwenyewe kwamba nimepotea njia, bora ningekwenda kuuza nguo Kariakoo. Dakika tano baadaye daktari huyohuyo alimshika bibi mmoja mkono akambembeleza kama mama yake mzazi. Nimeshindwa kuelewa. Je, walimu wetu wanatuchukia? Au ndivyo daktari anavyotengenezwa? Na mimi nifanye nini, maana kila Jumanne asubuhi tumbo linaniuma?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Hilo tumbo la Jumanne nalijua. Langu lilikuwa la Alhamisi, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe. Baadaye nikawa mwalimu kwenye wodi ya wazazi, nikawatia watoto wa wenzangu tumbo hilohilo. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyesimama pande zote mbili za kitanda.

Hawawachukii. Naomba ulishike hilo kwanza, kwa sababu mwanafunzi anayeamini anachukiwa huacha kusikiliza hata pale anapofundishwa kweli. Madaktari wengi niliofanya nao kazi walipenda kufundisha, na hata walio wakali hukumbuka kwa majina wanafunzi wao wa miaka ishirini iliyopita. Neno "daktari" lenyewe lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mwalimu. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kinamtaka daktari amheshimu aliyemfundisha kama mzazi wake, na naye awafundishe watoto wa mwalimu wake bila malipo. Kwa hiyo taaluma yetu ilizaliwa ikimhesabu mwanafunzi kuwa mtoto wa nyumbani. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hulea kwa fimbo, na aliyelelewa kwa fimbo huona fimbo ndiyo malezi.

Mwalimu aliyekufundisha darasa la tatu alipita chuo cha ualimu. Alisomea namna mtoto anavyojifunza, akaandaa azimio la kazi na andalio la somo, akakaa mbele ya mkaguzi akifundisha kwa majaribio. Daktari bingwa wako huenda amefundisha miaka ishirini bila kupata hata siku moja ya mafunzo hayo. Alifaulu mitihani ya ubingwa, akapewa wanafunzi. Hilo halikuanzia kwetu. Huko Buffalo, Marekani, daktari aliyeitwa George Miller aliligundua katika miaka ya 1950, akakaa meza moja na wataalamu wa elimu wa chuo chake, akaanza kuwafundisha madaktari kufundisha. Leo vyuo vingi, vikiwemo vya kwetu, vina semina za namna hiyo. Lakini semina ya siku tatu haifuti miaka mitano ya kukaangwa wodini. Mtu akichoka, au akiwa na haraka, hurudia kile alichofanyiwa.

Kisha kuna mizani ya kazi yenyewe. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitoa ripoti yake maarufu baada ya kutembelea vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi vilikuwa vya ovyo, na ripoti ile ilisaidia kuvifunga. Katika kuusafisha udaktari, ilisukuma pia vyuo viwe na maprofesa wa utafiti, na mtindo huo ukaenea duniani. Matokeo yake unayaona hata kwetu: mhadhiri anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, huulizwa kwanza amechapisha makala ngapi. Zile Jumanne mia tatu alizosimama wodini na wanafunzi zinahesabika kidogo sana. Simtetei. Nataka tu ujue kwamba anapokuja wodini saa mbili asubuhi ametoka kupokea taarifa ya zamu ya usiku, ana kliniki saa nne, ana maombi ya fedha za utafiti ambayo muda wake unaisha kesho, na wewe ndiye kitu pekee katika ratiba yake ambacho hakuna atakayemuuliza alikifanyaje.

Na idadi. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1963 kilikuwa peke yake nchini. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Muhimbili, na pembeni yake kuna Moshi, Bugando, Kairuki, Dodoma na vingine. Taifa lilihitaji madaktari na bado linawahitaji, hivyo sitasikika nikilaumu milango kufunguliwa. Ila kitanda hakikurefuka. Nimeona wanafunzi ishirini na zaidi wamekizunguka kitanda kimoja, walio nyuma wamesimama kwa vidole vya miguu wasione tumbo linalopapaswa. Katika umati ule mwalimu hawezi kumjua mtu. Anajua nyuso, na anarusha maswali kama anayerusha mawe kwenye mwembe.

Sasa nikujibu kuhusu yule bibi, kwa sababu hapo ndipo ulipoumia zaidi. Inakuwaje mkono mmoja ubembeleze na mdomo uleule uchome? Nilipokuwa mkali mimi, moyoni nilikuwa naogopa. Nilimtazama mwanafunzi aliyekwama, nikamwona miaka mitatu mbele, usiku wa manane katika hospitali ya wilaya, daktari pekee aliye zamu, jenereta imezimika, mama anatoka damu, na hakuna wa kumpigia simu. Nilijisemea: nisipombana leo, atamwua mtu kesho. Nikajikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Yule bibi alihitaji huruma yangu kwa sababu ni mgonjwa. Mwanafunzi alihitaji, hivyo ndivyo nilivyoamini, hofu yangu. Sidhani daktari wako anaamini tofauti. Imani hiyo ni ya kweli moyoni mwake, ila ina kosa, na mimi kosa lake nilifunzwa na mwanafunzi wa mwaka wa nne.

Alikuwa binti mtulivu. Asubuhi ile alikuwa anawasilisha mgonjwa wake: mama wa mimba ya kwanza, wiki ya 34, kichwa kinamwuma tangu usiku. Akasoma kwenye karatasi: presha 120/80. Kichwa kile na presha nzuri namna ile havikukaa pamoja akilini mwangu. Nikachukua mashine nikapima mwenyewe. Ilikuwa 180/120. Mkojo ulipopimwa, protini tele. Mama yule alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kifafa cha mimba. Tulimwanzishia magnesiamu ya kuzuia kifafa na dawa ya kushusha presha palepale, kesho yake akajifungua, na mtoto, ingawa mdogo, aliishi.

Baada ya raundi nilimwita yule binti ofisini nikiwa nimejiandaa kumchambua. Nikamwuliza kwa nini ameandika namba ambayo hakuipima. Alilia kwanza. Kisha akasema: "Daktari, mashine ilikuwa inavujisha hewa, sauti sikuzisikia vizuri, sikuwa na uhakika. Wiki iliyopita nilisema mbele yako kwamba sina uhakika, ukaniambia nirudi kijijini nikalime."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliyasema maneno hayo. Yeye hakuwa amesahau. Nilidhani ukali wangu unamlinda mgonjwa, kumbe umemfundisha mwanafunzi somo moja tu, na amelishika barabara: mbele ya daktari huyu, namba ya uongo ni salama kuliko neno "sijui". Mgonjwa niliyekuwa nikijidai kumlinda ndiye aliyekaribia kulipa.

Tangu siku ile nilianza kusoma juu ya jambo hili kwa bidii niliyokuwa nimeiweka kwenye upasuaji, na nilikuta wengine wamelipima. Mwaka 1982 daktari wa watoto Mmarekani, Henry Silver, aliandika kwamba wanafunzi wa udaktari walioingia chuoni wakiwa wachangamfu na baadaye wakanyauka walimkumbusha watoto walioteswa nyumbani, watoto ambao yeye alikuwa amewahudumia. Mwaka 1990 yeye na mwenzake walitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kimoja kikubwa cha udaktari: asilimia 46.4 walisema wamewahi kunyanyaswa, na kwa wale wa mwaka wa mwisho ilifika asilimia 80.6. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 51 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta karibu 6 kati ya kila 10 ya wanafunzi na madaktari walio mafunzoni wamewahi kunyanyaswa kwa namna fulani. Mara nyingi unyanyasaji ulikuwa wa maneno, na waliotajwa zaidi kuwa chanzo ni madaktari bingwa. Kwa hiyo wewe si dhaifu wala huna bahati mbaya ya pekee. Umeingia kwenye desturi ya zamani.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ulifanyika Israel, ukachapishwa mwaka 2015. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto wachanga zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto wa bandia aliyekuwa anazidiwa ghafla. Timu nyingine zilisikia maneno ya kawaida kutoka kwa mtaalamu mgeni, nyingine zikasikia maneno ya kejeli kidogo juu ya utabibu wa nchi yao. Hayakuwa matusi, wala hayakusemwa kwa kufoka. Zilizosikia kejeli zilikosea zaidi kutambua ugonjwa, zilikosea zaidi katika kutoa huduma, na watu wake walipungua kusaidiana na kuambizana. Hao walikuwa wataalamu waliokwisha kuhitimu. Sasa mweke hapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Kuna na jambo la polepole zaidi. Mohammadreza Hojat na wenzake kule Philadelphia waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari mwaka hadi mwaka wakipima uwezo wao wa kumhurumia mgonjwa. Mwaka 2009 waliandika kwamba huruma ilishuka sana mwaka wa tatu, ule mwaka wa kwanza kuingia wodini. Mwaka wako. Ndiyo maana nakwambia jilinde mapema. Mwanafunzi hufuata namna mwalimu anavyotembea, anavyomwita mgonjwa kwa namba ya kitanda, anavyomwacha muuguzi asimalize sentensi, kuliko anavyofuata mhadhara wa maadili.

Kwetu kuna tabaka jingine ambalo tafiti hizo hazilijui: lugha. Mwanafunzi anawasilisha kwa Kiingereza, amesimama juu ya mgonjwa anayezungumza Kiswahili, au Kisukuma tu. Akikwama, mara nyingi hajakwama kwa sababu ya ini. Amekwama kwenye sentensi. Nimewaona vijana walioweza kunieleza ugonjwa wote kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, wakihukumiwa hawajui kitu. Na mgonjwa? Haelewi maneno, anaelewa sauti. Anaona mtoto aliyempima usiku kucha kwa upole sasa anafokewa, anajiuliza kama ana jambo baya sana mwilini mwake, au kama huyu mtoto alimfanyia kosa. Mara ngapi nimesikia mama wa kitandani akinong'ona baada ya raundi kupita, "Pole mwanangu"? Mgonjwa anamliwaza mwanafunzi. Hapo tumegeuza kazi juu chini, na ninaona aibu kwamba niliisikia pole hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kuielewa.

Lakini sitaki utoke hapa ukidhani kila ukali ni unyanyasaji. Hapana, na hili nataka ulipime kwa makini. Mwalimu akikurudisha ukapime presha upya mara ya tatu, akikataa faili lako kwa sababu hukuandika tarehe, akikwambia "hujui sababu za ini kuvimba na lazima uzijue kufikia Ijumaa", huyo amekuwa mkali juu ya kazi. Mshukuru hata kama umekasirika. Akikwambia ukauze nguo Kariakoo, amehama kwenye ini amekuja kwako, na kwenye maneno hayo hakuna kitu cha kwenda kusoma jioni. Kipimo changu ni hicho: baada ya maneno ya mwalimu, je, unajua nini cha kufanya kesho kumhusu mgonjwa? Kama ndiyo, umefundishwa, hata kwa sauti kubwa. Kama umebaki tu na picha ya wewe kuwa mjinga, umedharauliwa. (Tena kuuza nguo Kariakoo ni kazi ya halali iliyosomesha madaktari wengi. Mama zao ndio walioziuza.)

Nilikuwa na mwalimu mmoja, marehemu sasa, aliyekuwa mkali kuliko wote na hakuna aliyeumwa tumbo siku yake. Alivuta stuli, akaketi ili macho yake yalingane na ya mgonjwa, akamsalimu na kumwomba ruhusa kwa Kiswahili ya wanafunzi kujifunza kwake. Kisha maswali, bila huruma. Lakini alipofika mwisho wa ujuzi wake mwenyewe alisema wazi: "Hapa sijui. Tukasome wote, Ijumaa tuambizane." Na Ijumaa alikuja amesoma. William Osler, aliyewaingiza wanafunzi wodini pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, alisema angependa kukumbukwa kwa jambo moja, kwamba alifundisha wanafunzi wa udaktari wodini. Nilipoisoma kauli hiyo nilimwona yule mzee kwenye stuli yake.

Sasa wewe ufanye nini. Huwezi kumbadilisha daktari bingwa, ila unaweza kubadilisha namna unavyoingia kwenye mazungumzo. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle walitunga njia fupi ya kufundisha penye haraka: mwalimu amtake mwanafunzi aseme anachofikiri, amwulize kwa nini, amfundishe kanuni moja, amwambie alichopatia, ndipo amrekebishe alichokosea. Mwaka 2003 walimu wa Cleveland walienda mbele zaidi, wakamweka mwanafunzi mwenyewe kwenye usukani. Wewe unaweza kuifanya hiyo bila ruhusa ya mtu. Usingoje urushiwe swali. Maliza kuwasilisha kwa kusema: "Nafikiri ni hiki, kwa sababu ya dalili hii na hii. Nilifikiria pia kile, nikakiondoa kwa sababu hii. Nisichokuwa na uhakika nacho ni hiki." Mwalimu mchovu akipewa mlango huo, mara nyingi huingia kwa kufundisha. "Sijui" ya peke yake humchokoza. "Sijui hili, ila najua lile" humvuta.

Chukua ini lako. Ulikwama kwa sababu ulikuwa unavuta orodha kichwani, na orodha hukimbia mtu akiogopa. Mgonjwa hakimbii, mtazame. Mishipa ya shingo imetuna, miguu imevimba? Moyo umechoka kusukuma, damu imerudi nyuma na kulijaza ini. Ametoka kijiji cha kando ya Ziwa Viktoria? Taja kichocho cha tumbo. Amekonda, ini ni gumu lenye vinundu? Saratani ya ini, na uulize habari ya virusi vya homa ya ini B. Ana homa kali na anaumia ukibonyeza chini ya mbavu za kulia? Fikiria jipu la amiba. Mtoto mwenye homa na upungufu wa damu? Malaria, usisahau na selimundu. Pombe uulize kwa adabu, bila kuhukumu. Tayari una saba, na hukukariri hata moja.

Kuhusu maneno ya Kariakoo, usiyajibu kwenye raundi. Nenda ofisini kwake siku nyingine, gonga, salimia, useme kwa kifupi: "Daktari, nimesoma sababu za ini kuvimba, naomba unisikilize dakika mbili. Na ukiona nimekosea, naomba uniambie nilichokosea ili nikirekebishe, maana nikisemwa mbele ya mgonjwa akili inafunga." Wengi watashtuka. Wengi, kama mimi, hawakumbuki walichosema. Mmoja mmoja atakufukuza, na hapo utakuwa umejua ni mtu wa namna gani, ukahamishie maswali yako kwa rezidenti (daktari anayesomea ubingwa), intani (daktari aliyehitimu karibuni, yuko mafunzoni kazini), na hasa muuguzi wa zamu, ambaye ndiye mwalimu wa kwanza wa wodi na watu hawamwiti hivyo. Fomu ya kutathmini walimu mwisho wa rotesheni, yaani kipindi chako cha mafunzo kwenye wodi hiyo, ijaze kwa maneno, si alama tu. Andika tukio, tarehe, na kilichosemwa. Niliwahi kukaa kwenye kamati zinazozisoma fomu hizo. "Mwalimu mbaya" haitusaidii kitu. Tukio lililoandikwa wazi, likiletwa na wanafunzi watano tofauti, huitisha kikao.

Jambo moja haliko kwenye mizani ya ukali na upole kabisa. Mwalimu yeyote akikutaka kimwili ili upite mtihani, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usiende ofisini kwake kuzungumza. Hifadhi ujumbe wake, mweleze mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Na tumbo. Likiendelea kukuuma hata siku zisizo na raundi, usingizi ukikata, chakula kikikosa ladha, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari wa afya ya akili kama ambavyo ungemwelekeza mgonjwa wako. Usingoje ufeli mitihani miwili ndipo uende.

Jumanne hii fika wodini saa kumi na mbili na nusu. Kaa na mgonjwa wako kabla ya wenzako hawajaja, mwulize kwa Kiswahili alilalaje, mpapase ini ukiwa na mikono iliyopashwa joto, pima presha mwenyewe, na mashine ikiwa mbovu iandike mbovu. Ukiulizwa tena, anza na shingo. Kisha niandikie, nitakuwa nasubiri kusikia ilikwendaje.